Presha ya Maji

Miaka thelathini na moja nimewafungulia watu wa Wete maji.
Koki ya Kizimbani naijua hata gizani,
na ile ya Jadida, itakayo nusu mzunguko kisha teke.
Najua bomba linavyokohoa upepo kabla ya kuleta,
na mwanamke mwenye ndoo akitukana barazani,
najua anamtukana nani.

Usiku huu, saa nane,
nimesimama chooni, mkono mmoja ukutani,
nangoja maji yasiyo na foleni ila mimi.
Hayaji.
Yanakuja matone matatu, ya mwisho wa mgao,
yanakatika.
Nasema haya, tumemaliza.
Nikifika kitandani, kumbe hatujamaliza.

Raya hajalala. Anahesabu kwa ndara zangu.
Asubuhi ananisomea kama karani wa mizani ya karafuu:
"Jana tano. Juzi nne. Jumapili sita, ulikula tikiti."

Lakini lililoniuma si usingizi,
ni safu ya kwanza.
Nikisimama nyuma ya imamu tangu msikiti haujaezekwa bati;
sasa naswali mlangoni, karibu na viatu,
maana nikiinuka tu, tone linanitoka,
na udhu wa mtu ni siri yake na Mola wake.
Nilinunua vikoi vya rangi nzito, vitatu kwa mpigo.
Mwenye duka akaniuliza kama naoa.

Uzee, nilisema. Baridi ya pupwe, nilisema.
Nikanywa mizizi ya jirani, michungu kama deni.
Nikaacha maji mchana, midomo ikapasuka.
Na chini ya yote hayo lile neno
nililolikalia kama barua isiyofunguliwa.
Shaame Mbwana alikufa nalo. Nilimuosha mimi na wanawe.
Nikauona ule mwili, nikafunga koki ya mdomo wangu.

Raya hakunishauri.
Alitia kikapuni kadi yangu, kikoi safi na mkate wa mofa,
akasimama mlangoni:
"Gari ya Chake inaondoka saa moja."

Daktari kijana, lafudhi yake ya Kojani.
Akavaa glovu. Nikatazama kalenda ukutani,
mwezi umepita na haujachanwa.
Kidole kimoja.
Kilikwisha kabla sijamaliza kuona haya.
Kisha damu, kisha picha,
kisha wiki mbili ambazo sitazieleza.

"Mzee Mbarouk, si saratani."

Akachora: kibofu juu, mfano wa kiriba,
chini yake tezi dume, na njia ya mkojo inapita katikati.
"Ujanani huwa kama kungumanga. Yako imekuwa danzi.
Haili mwili, haihami.
Inakua tu, na ikikua inaibana njia.
Wazee wengi wanayo, kila mmoja na ukuta wake usiku,
akidhani yuko peke yake."

Nikaichukua ile kalamu.
Mwanangu, hili ni bomba la nusu inchi lililokumbatiwa na mzizi wa msufi.
Tangi likisukuma miaka, kuta zake zinachoka,
na maji yanayobaki chini yanavunda.
Akanitazama. "Ungekuja siku ya kwanza," akasema,
"nisingepoteza karatasi."

Kidonge kimoja wakati wa kulala.
Kuinuka polepole, kizunguzungu kisinibwage.
Chai ya mwisho kabla ya Magharibi.
Nikimaliza, ningoje, nijaribu tena.
Dawa ya mafua nisinunue bila kuuliza.
Na siku yakigoma kabisa, tumbo likajaa,
nisingoje gari ya saa moja.

Sasa ni mara mbili. Tatu, kukiwa na tikiti.

Ijumaa iliyopita, kule kwenye viatu,
nilimkuta Hamad Kheri, aliyekuwa hakosi safu ya mbele.
Kikoi chake buluu nzito, kipya, bado kina mikunjo ya dukani.
Nikakitazama. Akakitazama changu.
"Mara ngapi?" nikamnong'oneza.
Akajifanya hakusikia.
Tukatoka, tukateremka kimya mpaka koki ya Jadida,
pale nikainama kuipiga teke kwa mazoea,
na nilipoinua uso
alikuwa amenyanyua vidole sita.